Namna Mwalimu Maximiliana Alivyovuka Mbuga

Mwalimu Maximiliana alikuwa na dharau ya kumtosha kila aliyepita mbele ya nyumba yake pale Kasoli, na iliyobaki aliwapa waliopita kwa nyuma. Alishastaafu ualimu mkuu, magoti yalishaanza kumsumbua, lakini jicho lake lilikuwa lile lile la kukagua kucha za watoto mstarini. Aliwadharau walevi kwa kulewa, na wasiokunywa kwa kujisifu. Aliwadharau mashemeji zake wa Sola kwa kupiga ngoma kwenye kila jambo, liwe harusi, liwe msiba. Ila kati ya wote waliobahatika kuionja dharau hiyo, hakuna aliyepakuliwa fungu nono kama Januarius.

Januarius alikuwa mwanafunzi wake. Enzi hizo pamba yote ilinunuliwa na ushirika, na mtoto aliyefeli aliambiwa akalime. Baadaye biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakamwagika vijijini na mizani zao, na Januarius, ambaye mwalimu wake alimtabiria jembe, akawa mmoja wao. Akanenepa shingo. Akavaa miwani ya jua mpaka ndani ya kanisa. Kisha, mwaka ule wa mvua za El Niño, akaja na kituko kilichovishinda vyote: pikipiki ya magurudumu manne, nyekundu, aliyoinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga kambi yake ya watalii upande wa Lamadi.

Haikuwa ile ya kubebea magunia shambani. Ilikuwa ya mchezo: nyepesi, kiuno chembamba, matairi ya nyuma mapana yenye meno, na kelele ya kuwatoa kuku kwenye mayai. Kila Jumapili baada ya ibada Januarius aliingia nayo kwenye tope nyuma ya ghala la ushirika, pale malori yalipokuwa yamechimba mashandaki, na nusu ya Kasoli ilitoka kumtazama. Maximiliana naye alisimama mara moja, mbali kidogo, mwavuli mkononi. Alikuja kumwona akikwama. Hakukwama. Alisimama juu ya vikanyagio kama jogoo kwenye paa, mashine ikayumba, ikakohoa, ikazama mpaka tumboni, halafu ikajinasua ikatokea ng'ambo, na watu wakapiga vigelegele.

"Mtu mzima na akili zake anacheza tope kama nguruwe," Maximiliana alisema kwa sauti ya kusikika, akafunga mwavuli akaenda zake.

Mwezi huo huo mwanawe wa pekee, Method, alipewa daraja la upadri huko Shinyanga, na mama yake hakuwepo. Malaria ilimwangusha siku mbili kabla ya safari, akabaki kitandani anatetemeka huku wenzake wakisafiri. Ikabaki Misa ya kwanza. Padre Method angeiadhimisha Sola, wilayani Maswa, nyumbani kwa marehemu baba yake, na mwisho wa Misa angetoa baraka yake ya kwanza nyumbani, kwa wazazi. Mzazi alikuwa amebaki mmoja.

Jumamosi ndugu walikodi lori. Jirani yake Apolonia alikuja kumpitia. "Mwalimu, panda. Nafasi ya mbele kwa dereva tumekuwekea wewe."

Maximiliana alitazama lori: mbuzi watatu, ngoma mbili, wanawake wameshaanza kuimba na safari haijaanza. "Mama wa padre hafiki kanisani na mbuzi," alisema. "Kuna gari dogo linakuja kesho alfajiri kutoka Bariadi."

Usiku ule mvua ilinyesha kama aliyeishikilia amechoka kuishika. Alfajiri gari dogo halikuja. Alikuja mtu kwa miguu, suruali imekunjwa mapajani, kusema kwamba limetumbukia kwenye kalavati na limelala ubavu, dereva ni mzima lakini analia. Maximiliana alikuwa ameketi sebuleni, amevaa gauni jipya la kitenge cha dhahabu, viatu vyeupe, kilemba kimefungwa na fundi. Kisha akanyanyuka, akaenda kubisha mlango wa mtu aliyemdharau kuliko wote duniani.

Januarius alitoka na mswaki mdomoni. Alipomwona akautoa haraka, akauficha nyuma ya mgongo kama alivyokuwa akificha miwa darasani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hicho kidude chako kinaweza kufika Sola?"

Januarius alitabasamu polepole. Maximiliana aliona tabasamu lile likikua na akatamani kugeuka. "Mwalimu, si wewe uliyesema nacheza tope kama nguruwe?"

"Ndiyo. Sasa nataka kujua kama nguruwe anafika Sola."

Alicheka mpaka akajipiga paja. Akaingia ndani, akatoka amevaa mabuti ya mpira. Alipunguza upepo kidogo kwenye matairi, akafuta kiti kwa shati lake, akamkaribisha kwa mkono kama anamkaribisha kwenye kiti cha enzi. Maximiliana alipanda kiupande, miguu yote miwili kushoto, mkoba mapajani.

"Mwalimu, hii si baiskeli. Tanua miguu ukae kama mwanamume. Ukikaa hivyo uzito wote uko upande mmoja, kwenye tope utanivuta."

"Nimekaa hivi tangu kabla hujazaliwa. Endesha."

Aliendesha. Waliiacha barabara kuu, kwa sababu malori yalikuwa yameshaigeuza uji, wakashika njia za ng'ombe. Kwenye ardhi ya kichanga mambo yalikuwa mazuri, na Maximiliana alipata nafasi ya kuikagua shingo ya Januarius iliyokuwa mbele ya pua yake na kuiona jinsi ilivyokosa adabu. Kisha kichanga kikaisha, ikaanza mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka na masika unameza ng'ombe. Januarius alisimama juu ya vikanyagio, akaongeza mafuta. "Egemea kulia!" alipiga kelele. Maximiliana hakuwahi kupokea amri kutoka kwa mtu aliyepata sifuri ya imla. Hakuegemea popote. Mashine ikalalia kushoto, gurudumu moja likaanza kuzunguka bure likirusha tope angani, na mama wa padre akateleza taratibu, wima, kama mtu anayeshuka ngazi, mpaka akasimama kwenye matope yaliyomfika magotini.

Mkoba uliokolewa. Kiatu kimoja hakikuonekana tena.

Januarius aliinama juu ya usukani, mabega yanatikisika.

"Cheka," Maximiliana alisema. "Cheka umalize, halafu tuondoke."

"Sicheki, mwalimu."

"Unacheka. Hata uongo hujui. Sijui hiyo pamba unawaibiaje watu."

Aliacha kucheka. Alishuka, akayumbisha usukani kushoto na kulia, akaisukuma mashine kwa bega huku akibonyeza mafuta kidogo kidogo kwa kidole gumba, mpaka ikapanda. Kisha akasimama, mikono kiunoni, amejaa tope mpaka kwenye nyusi. "Sasa tuelewane. Ama unakaa ninavyosema, ama nakurudisha Kasoli."

Mwalimu Maximiliana alivua kiatu kilichobaki, akakitupa. Alipandisha gauni la dhahabu, akalifunga kiunoni kwa mkanda wa mkoba, akapanda kama mwanamume. Hakuna aliyeona isipokuwa kundi la korongo na mtu aliyemdharau, na wote hao hawakuhesabika.

Kuanzia hapo Januarius alizungumza njia nzima, na lililomkera Maximiliana ni kwamba alizungumza vizuri. Alisema tope halimpendi mtu anayesitasita. Ukiachia mafuta katikati, umekwisha. Ukiyazidisha, matairi yanajichimbia kaburi. Usitazame gurudumu, tazama unakotaka kutokea. Usifuate alama za mikokoteni, maana hapo watu walishakanyaga mpaka chini. Pita pembeni, kwenye majani mafupi. Majani marefu ya kijani usiyaamini hata kidogo. Ikianza kuzama, simama, peleka uzito nyuma, cheza na usukani. "Na usiiogope. Ukiiogopa inajua."

"Ungesoma historia hivi, leo ungekuwa mtu," alisema Maximiliana. Lakini Januarius aliposimama naye alisimama, alipoegemea naye aliegemea, na baada ya mbuga ya tatu alikuwa akijua kabla ya kuambiwa.

Mvua ilikatika. Walipanda kimwinuko, na mbele yao ikatandaa mbuga ya mwisho, pana, inang'aa kama sufuria. Ng'ambo yake, juu ya kilima, lilionekana bati la kanisa la Sola. Upepo ulileta mlio wa ngoma. Mashemeji walikuwa wameshaanza.

Januarius alizima injini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu, mimi naishia hapa."

"Unaishia wapi?"

"Hapa. Wewe zunguka kwa mguu, kuna njia ya juu kule inapita kwenye daraja la magogo."

"Hiyo njia ni mwendo wa mpaka alasiri. Misa itakuwa imeisha. Kuna nini?"

Alikwangua tope kwenye tangi kwa ukucha. "Sola siendi. Msimu uliopita nilinunua pamba pale. Kulikuwa na... maneno. Kuhusu mizani. Yule mzee Machibya, mwenyekiti wao, alisema wakiniona tena watanipiga, na pikipiki wataichoma."

"Mizani ilikuwa na nini?"

Aliendelea kukwangua tope.

"Uliichezea?"

"Mwalimu, kila mtu alikuwa anachezea. Soko huria."

Maximiliana alimtazama mtu yule mnene mwenye miwani ya jua siku isiyo na jua, bingwa wa tope wa Kasoli, aliyepita mbuga tatu bila kupepesa, na sasa anamwogopa mzee mmoja mwenye fimbo. Alifikiri kwamba alishamdharau mpaka chini kabisa, kumbe palikuwa na ghorofa nyingine huko chini.

"Shuka," alisema.

"Eti?"

"Shuka kwenye hicho kiti. Nionyeshe inavyowashwa."

Januarius alibisha. Alisema hii mashine haina huruma, alisema mwalimu ametoka kuugua malaria, alisema kwa mtu mmoja inaruka sana. Kisha akasema jambo lenyewe: "Na watu wa Sola wakiikamata?"

"Nitakurudishia hapa hapa, kwa mkono wangu. Nilishawahi kukudanganya?"

Alifikiri. "Hapana," akakiri. "Uliwahi kunipiga tu."

Alimwonyesha klachi ya mkono wa kushoto, iachiwe polepole. Alitia gia ya pili, akamwapisha asiiguse tena. Mara ya kwanza mashine iliruka kama mbuzi ikazima. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu ikaondoka, na Mwalimu Maximiliana akaenda nayo, peku, gauni kiunoni, kilemba kimelegea kinampiga mgongoni.

Alitazama bati la kanisa, hakutazama gurudumu. Aliziacha alama za mikokoteni, akashika majani mafupi. Tope lilimrukia kifuani, mdomoni, likamziba jicho moja. Katikati ya mbuga alihisi mlio wa injini ukishuka, ukawa mzito, na mashine ikaanza kukaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Alisimama. Magoti yakalia. Akapeleka makalio nyuma kwa namna ambayo asingependa hata Mungu aione, akayumbisha usukani, akayashikilia mafuta pale pale, bila kuzidisha, bila kuachia.

"Nyanyuka!" aliifokea, kwa ile sauti iliyokuwa ikisimamisha madarasa saba kwa pamoja. "Nyanyuka, mzembe wewe! Usinitie aibu mbele ya mashemeji!"

Mashine ilitetemeka. Ikateleza kushoto, kulia, meno ya tairi yakauma kitu kigumu huko chini, kisha ikanyanyuka. Ghafla hakukuwa na tope, kulikuwa na ardhi, na kilima kikawa kinamjia kwa kasi. Alisikia sauti ya mtu anayecheka kwa nguvu. Ilimchukua muda kutambua kuwa ni yeye, na papo hapo akanyamaza.

Alifika kanisani kwa gia ya pili, injini inalia kama iliyoingiwa na siafu. Watu walikuwa wamemaliza kukomunika. Kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Waliokuwa nje walitawanyika, waliokuwa ndani walichungulia, na mashemeji, kwa mara ya kwanza katika ukoo wao, waliacha ngoma wenyewe. Maximiliana hakujua namna ya kusimama vizuri, hivyo aliachia mafuta na mashine ikajizimia kwenye ngazi. Akashuka. Akashusha gauni. Akaingia kwenye mlango mkubwa, akaacha nyayo nyeusi sakafuni, benchi hadi benchi, mpaka mbele.

Padre Method alikuwa amesimama na kanzu nyeupe isiyo na doa. Alikuwa amekonda. Aliitazama ile sanamu ya tope iliyosimama mbele yake, akatafuta macho, akayapata.

"Mama," alisema.

Hapo dharau yote ya Mwalimu Maximiliana ilimkimbia, ikamwacha peke yake. Alitaka kupiga magoti, magoti yakakataa. Mwanawe akamshika viwiko akamsaidia. "Nitakuchafua," alinong'ona. Method alisogea karibu zaidi. Aliweka viganja vyake juu ya kile kilemba kilichogeuka udongo wa mfinyanzi, akambariki. Alipomaliza, mama aliibusu mikono ile iliyopakwa mafuta juzi tu, na midomo yake ikaacha alama mbili nyeusi. Method hakuzifuta mpaka Misa ilipokwisha.

Nje, mambo yalikuwa mengine. Watu walikuwa wameizunguka pikipiki, na Machibya, mzee mrefu mwenye koti la mvua, alikuwa ameikalia.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama wa padre kwa Kisukuma. "Hongera kwa mtoto. Hiki chombo ni cha Januarius."

"Najua ni cha nani."

"Basi kinabaki hapa. Alituibia msimu mzima. Mwenyewe yuko wapi?"

"Ng'ambo ya mbuga, amejificha kwenye mgunga. Mnamtaka, mfuateni. Hamtahitaji kukimbia, ni mnene. Lakini hiki nimeahidi kukirudisha, na nitakirudisha."

"Unamtetea mwizi?"

"Mimi?" Maximiliana alimtazama toka buti mpaka kofia. "Machibya, huyo mtu aliweka mizani mbele ya macho yenu msimu mzima na hakuna hata mmoja wenu aliyepeleka jiwe analolijua uzito wake akalipima. Mlikaa mkanung'unika. Nyinyi na yeye nawaona sawa tu. Shuka."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wakacheka wengi, ila si Machibya. Alishuka polepole. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama msimu ujao mwalimu angeweza kuja kusimama kwenye mizani. Maximiliana alimjibu kwamba atafikiri.

Method alimpa mama yake nyama na wali, vimefungwa kwenye mfuko. "Mpelekee aliyekuleta," alisema. Maximiliana alitaka kusema aliyemleta hastahili hata mfupa, akamtazama padre, akaupokea.

Kurudi hakukuwa rahisi kuliko kwenda. Mbuga ilikuwa imeshafumuliwa na alama zake mwenyewe, akalazimika kutafuta njia mpya. Hakukwama. Januarius alitoka mafichoni kabla hajasimama, akaizunguka pikipiki mara mbili, akagusa bamba la mbele, akachungulia chini ya tumbo lake. Hakuuliza kama amewahi Misa. Hakuuliza kama ni mzima.

"Gia ya pili muda wote huo," alisema kwa uchungu. "Umeichosha injini, mwalimu."

Maximiliana alimpa ule mfuko. "Padre amekutumia."

Alikaa kwenye jiwe akaanza kula kwa mikono ya tope. Alikuwa na njaa kweli. Baada ya matonge kadhaa aliinua uso. "Walisema nini kuhusu mimi?"

"Walisema ni mwizi. Na mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha hesabu, kwa hiyo najua hukuwa unakosea, ulikusudia."

Alicheka kidogo, mdomo umejaa. Kisha kicheko kikakwama mahali fulani, akatazama nyama mkononi mwake, akairudisha kwenye mfuko. Maximiliana alimwona akiwa na sura ya darasa la tano na hakuhisi huruma, au alihisi kidogo sana ambayo hakuona sababu ya kuitangaza.

"Panda nikurudishe Kasoli," alisema Januarius mwishowe.

"Rudi mwenyewe. Mwanangu yuko Sola."

Aliondoka kwa miguu kwenye njia ya juu, kuelekea daraja la magogo. Alitembea peku mpaka jua lilipoanza kushuka, akatua mara nyingi kupumzisha magoti. Alipoingia uani kwa mashemeji, walimkimbilia na maji ya moto na kanga kavu. Ngoma zilikuwa zimeanza tena, kubwa kuliko asubuhi. Apolonia alimwosha miguu akiwa ameinama, na alishindwa kujizuia.

"Mwalimu, hivi kweli ulikuwa unaendesha wewe? Ile mashine ya Januarius? Ikoje?"

Maximiliana alitazama upande mwingine, pale padre alipokuwa amekaa katikati ya wazee, anacheka.

"Ya kipuuzi," alisema. "Kazi ya nguruwe. Ongeza maji ya moto."